Chawa Wasiokuwepo

Jumamosi iliyopita aliingia mama mmoja saluni kwangu akiwa amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka sita hivi. Yule mama alikuwa amejifunga kitenge kichwani, na pale kisogoni kitenge kilipoishia niliona ngozi tupu inayong'aa. Akasema, "Mnyoe huyu zote. Ana chawa." Halafu akanikonyeza.

Nikamkalisha mtoto kwenye kiti, nikaingiza vidole kwenye nywele zake. Mimi darasa la saba nilimaliza kwa kubahatisha, lakini kichwa cha mtu nakisoma vizuri. Kile kichwa kilikuwa safi. Kilikuwa kimesukwa na mtu mwenye subira, mistari imenyooka, mafuta ya nazi bado yananukia. Hapakuwa na chawa hata mmoja, wala yai la chawa. Na mimi, ndani ya saluni ambayo haina hata tone la mafuta ya taa, nikasikia harufu ya mafuta ya taa imenijaa puani mpaka macho yakaanza kuwasha.

Nikaweka mashine chini. Nikamwambia yule mama asubiri kidogo, halafu nikatoka nje kupumua.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa kucheka. Nina ndoto zangu za saluni yenye vioo viwili na bango la rangi ya zambarau, na ukipita siku yoyote utanikuta naimba. Lakini kuna jambo moja likiguswa sicheki, na ninyi wenzangu mliokuwa watoto wakati ule, mliokuwa mkiambiwa nendeni mkacheze kila watu wazima wanapoanza kuongea, nadhani mtanielewa.

Tulikuwa tunakaa Mabatini, hapa hapa Mwanza, chumba kimoja na kibaraza. Baba alikuwa kiwanda cha nguo. Siku moja alirudi asubuhi, jua halijapanda, amebeba viatu vyake vya kazi kwenye mfuko wa rambo. Kesho yake hakwenda. Nilipomuuliza akasema yuko likizo. Likizo ikaenda wiki, ikaenda mwezi. Nikafurahi, nikawatangazia watoto wa jirani kwamba baba yangu ana likizo ndefu kuliko baba zao wote.

Mama alinisikia nikijisifu. Jioni ile alikuwa anapepeta mchele mlangoni, na bila kuinua kichwa akamwambia baba, "Mwambie mtoto. Ana macho." Baba akajifanya anatafuta kiberiti. Basi mama akaweka ungo chini akaniambia mwenyewe: kiwanda kimepunguza watu, baba yako wamempunguza, hana kazi. Kuanzia kesho mimi nitakaanga mapanki niuze, na wewe utanisaidia kufukuza nzi.

Nilifukuza nzi kwa moyo wote. Mapanki mnayakumbuka, ile mifupa mirefu ya sangara yenye kichwa na mkia, inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa kupakiwa kwenye ndege. Nikamuuliza mama nyama ya samaki hawa imekwenda wapi. Akasema wanakula Wazungu. Nikauliza kwa nini wao. Akasema kwa sababu wao wana hela na sisi hatuna. Baba akalalamika kwamba anamjaza mtoto maneno. Mama akageuza panki kwenye mafuta, akamwambia, "Akiuliza nimjibu nini? Kwamba samaki wa ziwa hili wanazaliwa mifupa mitupu?"

Baba akacheka hata yeye. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa. Ukitaka kubembelezwa, nenda kwa baba. Ukitaka kujua, nenda kwa mama.

Tumbo la mama likaanza kukua. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Kisesa kutuletea viazi, akaniambia mama yangu atakwenda hospitali kununua mtoto. Akasema wanapangwa kitandani, unachagua unayemtaka. Nikaenda kumwuliza mama tutachagua wa aina gani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akachukua mkono wangu, mkono wenye masizi na magamba ya samaki, akauweka tumboni kwake, akabana kidogo. Kitu kikanisukuma kutoka ndani. "Yumo humu," akasema. "Huyo anayekupiga teke ni mdogo wako." Bibi aliinuka akatoka nje akiongea Kisukuma peke yake. Sikuyapata yote, lakini nilielewa kwamba mama amekosa adabu.

Siku moja kabla hajaenda hospitali alinisuka. Mama alikuwa anasuka kwa uzi mweusi, watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaletwa kwake, na alikuwa na sheria moja: nywele zisipofikia urefu wa njiti ya kiberiti, hasuki. Alikuwa anachomoa njiti kwenye kiberiti cha jikoni, anaisimamisha kichwani kwa mtoto, anamwonyesha mama yake. "Bado. Rudi mwezi ujao. Uzi hautashika." Zangu zilikuwa zimeipita njiti mbali. Nilikaa chini katikati ya magoti yake, tumbo lake limeniegemea mgongoni, na kila mdogo wangu alipogeuka nilimsikia kwenye uti wa mgongo wangu. Alinisuka vijiti tisa vilivyosimama kichwani kama miguu ya meza iliyopinduliwa, ila mingi zaidi. Mikono yake ilinuka samaki na mafuta ya nazi.

Nikamuuliza kama kuzaa kunauma. Akasema kunauma sana, halafu kunaisha. Nikamuuliza kama atarudi. Uzi ukasimama. Nakumbuka kabisa, uzi ulisimama kichwani mwangu, ukavutwa tena.

"Nataka kurudi," akasema. "Nikirudi nitazifumua mwenyewe."

Mimi nilisikia "nitarudi". Kwa mtoto wa miaka sita, mama akitaka kitu anakifanya; alitaka kukaanga mapanki akakaanga, alitaka bati lizibwe likazibwa. Nilikuwa mtu mzima kabisa ndipo nilipoyasikia yale maneno kama alivyoyasema. Hata pale, na uchungu umeshaanza, hakunidanganya.

Basi akaenda, na mtu pekee wa nyumba yetu aliyekuwa akisema ukweli na mtoto akawa ametoka, wakabaki wale wengine.

Nilipelekwa kulala kwa jirani, kwa mama yake Pili. Pili alikuwa rika langu, tulilala mkeka mmoja. Mchana wa siku ya pili nikasikia kwaya inaimba kwetu. Nikataka kwenda, mama Pili akanizuia mlangoni, akasema ni watu wa maombi tu, wanamwombea baba apate kazi. Akanipa andazi. Nikala andazi nikisikiliza kwaya, na nikaona kweli baba ana bahati, watu wote wale wanamwombea kazi.

Baada ya siku tatu Shangazi Minza, dada yake baba, akaja kunichukua kunipeleka Kisesa kwa Bibi. Njiani nilimuuliza mama yuko wapi, akasema tulia. Tulipofika, mji wa Bibi ulikuwa umejaa watu. Wanaume walikuwa wamekaa kando ya zizi, wanawake jikoni, masufuria makubwa ya kuazima. Nilisalimia shikamoo mpaka mdomo ukachoka, na kila niliyemsalimia alinishika kichwa akanitazama vile vijiti tisa, halafu akageuka pembeni. Nikadhani nimependeza sana.

Hapa inabidi niandike taratibu, maana mkono wangu unataka kuvunja kalamu.

Nyuma ya nyumba, karibu na uzio wa minyaa, palikuwa na tuta la udongo mpya. Udongo laini, mwekundu, bado una unyevu, umepangwa mawe kuuzunguka. Watoto wa mjini hatuna udongo mzuri namna ile, Mabatini ni mawe matupu. Nikapanda juu. Nikachimba vishimo, nikaokota kokoto, nikakaa nikacheza bao langu, peke yangu, naimba. Nilicheza pale muda mrefu. Shangazi Minza alitokea kona ya nyumba na ndoo ya maji, akaniona, akaiachia ndoo. Alinitoa pale kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akanipiga kofi ambalo sikuwahi kupigwa na mtu.

"Toka hapo. Pana siafu."

Nilijitazama miguu. Nikalitazama tuta. Hapakuwa na siafu. Nikamwambia, Shangazi, hakuna siafu. Akanipiga la pili, na yeye mwenyewe analia, na mimi nikalia kwa sababu sikujua kosa langu ni siafu au ni kusema kwamba hawapo.

Nilikuwa nimecheza juu ya mama yangu. Waliniacha mpaka nikafanya hivyo. Watu wazima zaidi ya thelathini, wengine wana vyeti, wengine wazee wa kanisa, na hakuna mmoja aliyenishika mkono akanipeleka pale akaniambia nani yuko chini. Waliona afadhali wanipige.

Asubuhi iliyofuata ikawa siku ya kunyoa. Kwetu msiba ukiisha, ndugu wa marehemu hunyolewa nywele zote, ndipo watu hutawanyika. Mtoto mkubwa anajua hilo. Mimi nilikuwa mdogo, sikuwahi kufiwa. Niliona tu watu wamepanga mstari kando ya zizi, Shangazi Minza ameketi kwenye kigoda na beseni la maji ya sabuni na wembe. Baba alikuwa wa kwanza. Alipoinuka kichwa chake kilikuwa kidogo, cheupe, masikio yametoka nje, nikacheka kwa sauti. Nikawaambia wenzangu, tazameni baba yangu kawa kama yai. Hakuna aliyecheka nami. Baba alinipita kama hanijui.

Zamu yangu ilipofika nilikataa. Nikashika vijiti vyangu kwa mikono miwili. Nikasema mama amesema atazifumua mwenyewe, msiziguse.

Hapo ndipo ingewezekana kuniambia. Mtu mmoja tu alihitajika kuchuchumaa. Badala yake Bibi akasema kutoka kwenye ngozi aliyokalia, "Una chawa."

Nikasema sina. Mama alinitazama kabla ya kunisuka, angewaona.

Shangazi Minza akapokea pale pale. "Unao. Tena umewaambukiza watu wote. Unadhani baba yako ananyolewa kwa nini? Bibi yako ananyolewa kwa nini? Ni chawa wako."

Niliutazama ule mstari. Wajomba waliokuja kwa kivuko cha Kamanga, wazee wasionijua, wanawake wenye watoto migongoni, wote wamesimama kusubiri wembe, wote kwa ajili yangu. Nikaachia vijiti vyangu. Shangazi alikata uzi kwanza, kimoja kimoja, vikaanguka kwenye vumbi kama viwavi weusi. Halafu akaninyoa, na alipomaliza, ili uongo wao uonekane ukweli, akachovya kitambaa kwenye kibatari akanipaka mafuta ya taa kichwa kizima. Wembe ulikuwa umenichana sehemu tatu. Mpaka leo najua kila sehemu.

Nikiwa naungua vile nilimkimbilia baba. Nikamuuliza mama yuko wapi. Akapitisha kiganja juu ya kichwa changu kile kinachonuka mafuta ya taa, akasema, "Yuko Bukoba kwa matibabu. Nywele zako zikiota, atakuja akusuke."

Sasa fikirini mtoto anapewa vitu hivyo viwili asubuhi moja. Una chawa, umewaambukiza wote. Mama hayupo, atarudi nywele zikiota. Nilifanya hesabu yangu mwenyewe, na haikuwa ngumu. Mama aliwaona chawa wangu. Mama ana mtoto mchanga. Mama amemkimbiza mdogo wangu Bukoba asipate chawa, na atarudi nitakapokuwa safi. Hakuna aliyenifundisha hilo. Ila hakuna aliyenizuia pia, na mimi niliishi nalo miezi minne kama mtu anayetumikia kifungo.

Tukarudi Mabatini. Shangazi Minza alikuja kukaa nasi kupika. Baba alipata kibarua cha kupakua magunia bandarini. Mimi nilikuwa na kazi yangu ya nywele. Kila asubuhi nilijisugua kichwa kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka. Sikumkaribia mtoto mchanga yeyote wa mtaa, nikiletewa nimbebe nakimbia, wakasema nina roho mbaya. Na nilikuwa na njiti. Niliichomoa kwenye kiberiti cha jikoni, nikaificha chini ya godoro, na kila Jumapili nilivuta unywele mmoja nikaunyoosha kando yake. Ulianza kwenye robo. Ukafika nusu.

Jioni baba akirudi, mgongo umepinda, nilimuuliza mama hajambo huko. Alikuwa ananijibu, "Hajambo. Anakusalimia."

Salamu. Alikuwa ananiletea salamu. Wakati mwingine nikizisahau kuziulizia alinipa mwenyewe, bila hata kuombwa, huku anavua viatu.

Januari nikaanza darasa la kwanza. Shule zetu mnazijua, mtoto wa kike kichwa kinyolewe. Jumatatu ukaguzi wa usafi, mwalimu anapita na mkasi, akikuta nywele anakukata njia katikati ya kichwa ili uone aibu ukamalizie nyumbani. Jumatatu ya kwanza nilivaa kofia ya sufu ya mitumba, nikasema naumwa masikio. Ya pili nilijificha kwenye majabali nyuma ya shule mpaka kengele ikalia, ya tatu tena. Ya nne mvua ilinisaidia. Nilikuwa nahesabu si siku za shule bali urefu. Njiti ilikuwa imebaki kichwa chake tu, ile baruti nyekundu, ndiyo inayochungulia juu ya unywele. Wiki mbili zaidi, labda tatu, na mama angekuwa mlangoni na uzi wake.

Jumatatu ya tano nilishikwa. Kiranja alinitoa kwenye majabali akanipeleka mbele ya darasa. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, nataka niseme hivyo. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, na alinivua ile kofia karibu kwa huruma. Kisha akaweka mkasi kwenye paji la uso wangu akaupeleka moja kwa moja hadi kisogoni.

Nilimng'ata. Nilimng'ata mkono wake wa kushoto na sikuachia. Walikuja viranja wawili kunitoa. Nikapiga kelele kwamba amemzuia mama yangu, amemfungia njia, sasa hatakuja tena, mpaka zianze upya. Mwalimu alishika mkono wake unaotoka damu, na badala ya kunichapa akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Mama yako yuko wapi, mwanangu?"

Nikasema yuko Bukoba.

Pili alikuwa dawati la pili. Pili niliyelala naye mkeka mmoja. Akasema, kwa sauti ile ile anayojibia hesabu, "Mwalimu, mama yake alikufa. Wamemzika Kisesa."

Niligeuka kulitazama darasa, nikisubiri wacheke au wamkatalie. Hakuna aliyeshangaa. Watoto wa Mabatini wote, madawati matatu mazima, walikuwa wananitazama kama watu wanaojua. Mama zao waliwaambia. Watoto wa miaka saba walikuwa wamebebeshwa siri ya kifo cha mama yangu, wakaibeba vizuri tu kwa miezi minne, wakicheza na mimi, na mwenye kifo hakuambiwa.

Nilikwenda nyumbani na ile njia kichwani. Baba siku hiyo hakuwa na kibarua, alikuwa amekaa kibarazani anashona gunia. Nikasimama mbele yake, nikamwambia Pili anasema mama amekufa.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisema, "Nani kamwambia?"

Akainuka akaenda kwa mama Pili. Nilimsikia akifoka uani kwao, yeye ambaye hakuwahi kufoka, kwamba watu wana midomo, kwamba mtoto ameumizwa. Mtoto mwenyewe nilikuwa nimesimama kibarazani na sindano yake ya gunia. Aliporudi alikaa, akatazama mikono yake. Nilingoja. Nikaona hataanza, basi nikauliza lile lililokuwa likinila.

"Baba, ni chawa wangu waliomuua?"

Akainua uso. "Chawa gani?"

Hakuwa anajifanya. Niliuona uso wake na ninauona hadi leo. Alikuwa amesahau. Lile jambo walilonitwisha kando ya zizi, nililojisugulia ngozi, lililonifanya niwakimbie watoto wachanga, kwake lilikuwa neno la kumtuliza mtoto asubuhi moja ili mstari uendelee. Lilipotoka mdomoni mwao liliisha. Kwangu ndipo lilipoanzia.

Nilimuuliza na mdogo wangu je. Akaingia ndani akafunga mlango. Kwamba alikuwa wa kike, na kwamba wamelala pamoja katika lile tuta, nilikuja kuambiwa na Shangazi Minza nikiwa nimeshavunja ungo, tena kwa bahati mbaya, akigombana na mtu mwingine.

Watu husema walituficha kwa kutuhurumia. Nimelifikiria hilo miaka mingi, na mimi ni mtu wa huruma, nalia hata kuku akichinjwa, kwa hiyo nimejaribu sana kuwahurumia. Siwezi kufika mpaka mwisho. Walikuwa wanajihurumia wao. Hawakutaka kuuona uso wangu wakati ninaambiwa. Baba bado yuko hai, ananipigia simu kila Jumapili, anauliza hali, najibu nzuri. Nampenda. Na nina hasira naye kiasi kwamba wakati mwingine nashika simu kwa mikono miwili isianguke.

Basi ndivyo nilivyokuwa nimesimama nje ya saluni Jumamosi iliyopita. Yule mama akanifuata. Akaniuliza kama nina kazi nyingine au vipi, maana watu wanawasubiri nyumbani.

Nikamuuliza ni nani yake. Akasema ni shangazi. Marehemu ni wifi yake, wamezika Alhamisi.

"Mtoto hana chawa, dada," nikamwambia.

"Najua hana. Nimekukonyeza."

"Mwambie kwanza. Ukimwambia nitamnyoa bure."

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe ni kinyozi au ni mchungaji? Mtoto mdogo hivi ataelewa nini?"

"Ataelewa chawa," nikasema. "Hao ataelewa. Atakaa nao miaka thelathini."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Nadhani nilikuwa nalia, ingawa nilidhani nafoka. Alisema atampeleka kwa kinyozi mwingine, barabara nzima ina vinyozi, na akaingia ndani kumchukua. Nikaingia nyuma yake. Mtoto alikuwa bado kwenye kiti, anajitazama kwenye kioo changu kimoja, kidole kikifuata mstari mmoja wa nywele.

"Shangazi," akasema, "mimi sina chawa. Mama alinichana Jumapili, hakuona."

Yule mama akafungua mdomo. Niliona neno likija, nikalijua, na nikamwona analiacha. Akachuchumaa pale chini kwenye nywele za wateja, akashika miguu ya mtoto. Akamwambia. Alimwambia vibaya, kwa vipande, na kilio katikati, lakini neno lenyewe alilitaja.

Mtoto akauliza, "Ndiyo maana na wewe umenyolewa?"

"Ndiyo, mama."

"Na baba?"

"Na baba. Wote."

Akafikiri. Kisha akanigeukia mimi kwenye kioo, machozi yameanza kushuka bila sauti, akaniambia nimnyoe. Lakini nifumue kwanza, nisizikate. Nikafumua mstari mmoja baada ya mwingine, polepole, mikono ya mama yake bado imo humo. Nikamnyoa kwa mashine, sikumchubua hata sehemu moja. Nilipompangusa kwa taulo alijishika kichwa, akauliza kama zitaota.

Nikachuchumaa tuwe sawa macho kwa macho.

"Nywele zitaota," nikamwambia. "Mama hatarudi."